Busia mbili, mjamzito mmoja: kwa nini miongozo ya uzazi ya majirani hailingani

Mji wa Busia umekatwa na mpaka, lakini maisha ya watu wake hayajakatwa. Mwanamke anaweza kupanga chumba upande wa Uganda, akauza omena sokoni upande wa Kenya, na mama yake mzazi akawa anaishi Nambale au Funyula. Akishika mimba, kliniki ataianza palipo karibu na biashara yake, na siku zikikaribia atarudi kwa mama yake kujifungua. Mimba moja, wizara mbili za afya. Kule Isebania na Sirare hali ni hiyo hiyo, ila jirani ni Tanzania.

Ndipo yanapozuka maswali. Mbona huku nimepewa vidonge vitatu vya kuzuia malaria nivimeze mbele ya muuguzi, na dada yangu aliye Nakuru hajawahi kupewa hata kimoja? Mbona njia imefunguka sentimita nne na bado naambiwa nitembeetembee kwanza? Wengi hukata kauli haraka kwamba upande mmoja unaijua kazi na mwingine unabahatisha. Mimi sioni hivyo. Ukiilinganisha miongozo ya Kenya, Uganda na Tanzania kuhusu ujauzito na uzazi, utakuta sayansi ni ile ile. Kinachotofautiana ni wingi wa malaria, friji iliyopo au isiyokuwepo, sheria ya nchi, na mwaka ambao kitabu kilichapishwa mara ya mwisho. Tofauti zinazoweza kuua ni chache, nazo haziko pale watu wanapozitafuta.

Kitabu hutoka wapi

Kwa kawaida safari huanzia Geneva. Shirika la Afya Duniani, WHO, hukusanya tafiti zote zilizofanywa kuhusu swali moja, huupima ushahidi kuanzia wa uhakika wa juu hadi wa chini sana, kisha hutoa pendekezo. Mapendekezo mengine ni ya kila mahali. Mengine huandikwa wazi kwamba yanafaa katika mazingira fulani tu, kwa mfano penye maambukizi mengi ya malaria au mahali ambapo dawa fulani haipatikani. Kwa hiyo nafasi ya kutofautiana imo ndani ya pendekezo lenyewe tangu mwanzo.

Kutoka hapo kila wizara huita wataalamu wake. Kenya ina chama cha madaktari wa uzazi, KOGS. Uganda ina AOGU. Tanzania ina AGOTA. Hukaa na wakunga, wafamasia na watu wa bajeti, wakaamua lipi lichukuliwe lilivyo, lipi lisubiri, lipi libadilishwe. Hata umbo la kitabu hutofautiana. Uganda ina kitabu kimoja kikubwa cha matibabu ya nchi nzima, toleo la 2023, na uzazi una sura yake humo. Tanzania, katika toleo la 2021, iliunganisha mwongozo wa matibabu na orodha ya dawa muhimu, hivyo dawa iliyotajwa kwenye matibabu unaikuta pia kwenye orodha. Kenya imegawa: malaria ina mwongozo wake, Virusi vya Ukimwi vina wake, uchunguzi wa saratani una wake, na huduma ya mama ina wake. Mkunga wa zahanati ndogo kule Vihiga anatakiwa kuvijua vyote, navyo havisasishwi mwaka mmoja.

Halafu kuna hatua ambayo wasomaji wengi huisahau. Tangu 2013 hospitali za Kenya, isipokuwa zile za rufaa za taifa, ziko chini ya kaunti. Nairobi huandika mwongozo, lakini dawa hununuliwa na Kisumu, Busia, Migori. Kitu kikiwa kitabuni na hakimo kwenye bajeti ya kaunti, kwa mama aliyelala kitandani ni kama hakikuandikwa.

Kuna mahali ambapo wote watatu wanakubaliana bila taabu, nalo ni idadi ya mahudhurio ya kliniki. Mfumo wa mara nne, uliopendekezwa mwaka 2002, uliachwa na WHO mwaka 2016 baada ya ushahidi kuonyesha kwamba watoto wengi zaidi hufa wanapoonwa mara chache mno katika miezi ya mwisho. Sasa ni mara nane: ya kwanza kabla ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimeipokea namba hiyo. Anayeanza kliniki mwezi wa sita hawezi kuzifikisha, awe upande wowote wa mpaka.

Malaria: mwongozo unaobadilika kabla hujafika mpakani

Dawa ya SP, ambayo wazee wengi bado huiita Fansidar, hupewa mjamzito hata kama haumwi, ili malaria isijifiche kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto uzito. Maagizo ya WHO ya 2012 ni haya: ianze katika miezi mitatu ya pili, yaani kuanzia wiki ya 13, itolewe katika kila hudhurio, pawe na angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, na mama apate dozi tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Vidonge vitatu kwa mpigo, mbele ya muuguzi.

Uganda na Tanzania Bara huitoa nchi nzima. Kenya huitoa katika kaunti 14 tu: sita za Pwani, na nane za huku kwetu, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Kakamega, Vihiga na Bungoma. Nakuru haimo. Naivasha, iliyo katika kaunti hiyo hiyo, pamoja na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua waliotoka Nyanza na Magharibi, haimo. Sababu ni ya busara: mahali ambapo mbu wa malaria ni wachache, faida ya kumpa mtu mzima wa afya dawa kila mwezi hupungua, nayo dawa huendelea kuzoeleka kwa vimelea.

Sasa mfikirie mwanamke anayefanya kazi Naivasha na kurudi Ugunja, Siaya, akiwa na mimba ya miezi sita. Kijitabu chake cha Mama na Mtoto hakina SP hata moja. Muuguzi wa Ugunja akidhani mwenzake wa Nakuru alizembea, atakuwa amemwonea. Kilichotakiwa ni kimoja: aanzishiwe siku hiyo hiyo. Na anayekwenda upande mwingine, kutoka Siaya hadi Nakuru mjini, asishangae dozi zikikoma.

Kuna mambo mawili hapa ambayo mama anastahili kuyajua kwa jina. La kwanza, anayemeza kotrimoksazoli (Septrin) kila siku kwa sababu ya Virusi vya Ukimwi hapewi SP, maana dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja na kuzichanganya huongeza madhara. La pili ni vidonge vya damu. Asidi ya foliki ya miligramu 0.4 inaenda sambamba na SP bila shida. Ile ya miligramu 5, ambayo bado inauzwa madukani pande zote za mpaka, huipunguzia SP nguvu. Mama akinunua vya miligramu 5 dukani na kumeza SP kliniki, hakuna atakayegundua isipokuwa atakayemuuliza alichonunua.

Swali ambalo madaktari wenyewe huulizana ni kwa nini SP inaendelea kutumika ilhali vimelea vya ukanda huu vimeizoea sana. Jibu zuri lilipatikana mwaka 2023. Utafiti uliohusisha wanawake 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, ambao kwa upande wa Kenya ulifanyika huku magharibi, uliipima SP dhidi ya mchanganyiko mpya wa dihidroatemisinini na piperakwini. Waliopewa mchanganyiko mpya walipata malaria kidogo zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini matokeo ya uzazi kwao hayakuwa bora. Waliopewa SP ndio waliokuwa na matokeo mabaya machache zaidi. Inaonekana SP humsaidia mtoto kuongeza uzito kwa njia nyingine mbali na kuua vimelea. Ndiyo maana dawa ambayo kwa hesabu ya maabara ingekuwa imestaafu bado imo katika vitabu vyote vitatu.

Kutibu malaria yenyewe katika miezi mitatu ya kwanza ni hadithi nyingine. Kwa miaka mingi kwinini pamoja na klindamaisini, siku saba, ndiyo iliyokuwa kanuni, na kila aliyewahi kumeza kwinini anajua masikio yanavyovuma. Mwishoni mwa 2022 WHO ilipendekeza atemetha na lumefantrini, dawa ya kawaida ya malaria, itumike hata katika miezi hiyo. Vitabu vya nchi hubadilika kimoja kimoja, na mama anaweza kupewa kwinini upande mmoja na ile ya kawaida upande mwingine ndani ya mwaka mmoja. Zote mbili zina msingi. Kwa maoni yangu, hii ya pili ni huruma zaidi kwa mama, kwa sababu watu huikamilisha.

Sentimita nne au tano

Patografu, ile karatasi ya kufuatilia leba, ina asili ya Kiafrika. Madaktari Philpott na Castle waliikuza kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kuichapisha mwaka 1972, ili wakunga wa vituo vya mbali wajue mapema nani apelekwe hospitali. Msingi wake ulikuwa kwamba leba ikishakolea, njia hufunguka angalau sentimita moja kwa saa. Toleo ambalo wakunga wengi wa ukanda huu walifundishwa huanza kuhesabu kwenye sentimita nne.

Kisha wanawake wenyewe wakaonyesha vingine. Utafiti uliofuatilia karibu wanawake 10,000 katika hospitali za Nigeria na Uganda ulibaini kwamba wengi walifunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa, hasa kabla ya kufika tano, na wakajifungua salama. Mwaka 2018 WHO ikasema leba iliyokolea ihesabiwe kuanzia sentimita tano, na mwaka 2020 ikatoa karatasi mpya ya kufuatilia leba. Karatasi hiyo inaingia hospitalini taratibu, hospitali moja baada ya nyingine, na kwa muda mrefu bado utakuta mpya na ya zamani zikitumika katika kaunti moja.

Kwa nini sentimita moja iwe na uzito hivyo? Kwa sababu saa ya subira huanza kuhesabiwa hapo. Mama aliyeandikwa kuwa leba imekolea akiwa nne, akakaa saa nne bila mabadiliko makubwa, kwenye karatasi ya zamani amevuka mstari wa hatari: atapelekwa hospitali, atawekewa dripu ya kuongeza uchungu, au atafanyiwa upasuaji. Mama huyo huyo kwenye karatasi mpya bado hajaanza kuhesabiwa. Wakati wa rufaa, ningependa mkunga asiandike tu kwamba leba imekolea. Aandike saa aliyompima na sentimita alizozikuta. Anayempokea atasoma kwa karatasi yake mwenyewe, na hesabu itakuwa sahihi kwa vyovyote.

Damu, friji na sheria

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua akina mama duniani. Kipimo cha zamani ni mililita 500 kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Tatizo ni kwamba damu ilikuwa ikikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, hasa damu ikiwa imelowesha shuka na nyingine iko sakafuni. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusisha zaidi ya wanawake 200,000. Walitandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na damu ilipozidi, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, maji ya mshipani, na kumchunguza mama kutafuta chanzo. Idadi ya waliopata madhara makubwa ilipungua kwa asilimia 60. Mbinu ya zamani ya macho iligundua karibu nusu tu ya waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi. Mfuko uligundua zaidi ya tisa katika kila kumi.

Oktoba 2025 WHO na wenzake wakaenda mbele zaidi: mkunga asisubiri 500. Damu ikifika mililita 300, na mapigo ya moyo au presha ya mama isiwe sawa, aanze matibabu. Hapo tena nchi zitapishana kwa muda. Ila jambo zito zaidi ni ule mfuko. Anayeambiwa achukue hatua kwenye 300 huku hana cha kupimia, ameambiwa akadirie kwa macho kitu kidogo zaidi kuliko kile alichokuwa akikosea.

Dawa ya kuzuia damu nayo hutofautiana, na hapa anayeamua ni umeme. Oksitosini, uniti 10, ndiyo chaguo la kwanza kila mahali, lakini hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kabetosini isiyoharibiwa na joto ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo yakatoka 2018. Inafaa kwa kuzuia, na hukaa nje ya friji. Misoprostoli ni vidonge, mikrogramu 600, kwa mahali ambapo sindano haiwezekani. Zahanati ya kisiwa cha Mfangano na hospitali kubwa ya Kisumu zinaweza kutumia dawa tofauti na zote zikawa zimetii mwongozo mmoja.

Misoprostoli ina mzigo mwingine: hutumika pia kutoa mimba, na hapo mwongozo hukutana na sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26(4), inaruhusu utoaji mimba pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini, au matibabu ya dharura yanahitajika. Mwongozo wa kitaalamu wa 2012 uliokuwa ukieleza namna ya kutekeleza hayo uliondolewa na wizara Desemba 2013, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Uganda nayo ilitoa mwongozo wake 2015, kisha ikausimamisha. Katikati ya mvutano huo waliobaki gizani ni wakunga. Ila matibabu ya mama aliyeharibikiwa na mimba, kwa sababu yoyote ile, yanaruhusiwa katika nchi zote tatu, na hakuna anayepaswa kurudishwa mlangoni akivuja damu.

Kwenye saratani ya mlango wa kizazi kuna jambo ambalo watu wa Kisumu wana haki ya kulijua. Uganda ilianza chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, nchi nzima 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019, zote kwa dozi mbili. Jaribio lililoonyesha kwamba dozi moja inatosha lilifanyika Kenya, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vitatu, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Matokeo ya 2022 yalionyesha kinga ya asilimia 97.5 baada ya miezi 18. Mwaka huo huo WHO ikakubali dozi moja. Tanzania ikahamia dozi moja 2024. Kenya ikafuata 2025. Mabinti wa Kisumu walitoa ushahidi, jirani akautumia kwanza. Inaniuma, maana katikati hapo kuna wasichana wa huku waliopata dozi ya kwanza, wakakosa ya pili, na wakaishi wakidhani hawana kinga.

Hatari iliko

Nimesema tofauti zinazoweza kuua ni chache. Moja ni ya mtoto wa mama mwenye Virusi vya Ukimwi. Mama mwenyewe hana shida kubwa: Uganda mwaka 2012, Tanzania 2013 na Kenya 2014 zilikubali kila mjamzito mwenye virusi aanze dawa na aendelee maisha yote. Lakini kwa mtoto, Kenya humpa kila mmoja dawa mbili kwa wiki sita, kisha nevirapini, mojawapo ya hizo mbili, wakati wote wa kunyonya, ilhali Uganda hugawa watoto kwa kiwango cha hatari na muda hutegemea kundi. Mama akivuka na chupa ya dawa ikaisha, akiambiwa kwamba muda umetimia, asiiache bila kueleza alianzishiwa wapi na kwa mpango gani.

Nyingine, na kwangu hii ndiyo nzito kuliko zote, ni kifafa cha mimba. Dawa ni moja dunia nzima: magnesiamu salfeti. Jaribio la 2002 la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 lilionyesha hupunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini namna za kuitoa ni mbili. Moja huanza na gramu 4 mshipani na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako, kisha gramu 5 kila saa nne. Nyingine huanza na gramu 4 mshipani, kisha gramu 1 kila saa kwa dripu. Zote sahihi. Mama aliyepewa gramu 14 katika kituo kidogo, akapakiwa kwenye gari, akafika hospitali ambako hakuna anayejua amepewa nini, anaweza kuanzishiwa upya. Dawa hiyo ikizidi, magoti huacha kuruka yakigongwa, kisha pumzi huisha.

Kwa hiyo wanaodai Jumuiya ya Afrika Mashariki iandike kitabu kimoja cha uzazi sioni kama wameshika mahali panapouma. Kitabu kimoja kingelazimika kuwaambia wa Nakuru na wa Tororo, Uganda, jambo moja kuhusu SP, nalo lingekuwa kosa kwa mmoja wao. Kinachokosekana ni karatasi ya rufaa inayosomeka pande zote, ikifungwa pamoja na kijitabu cha Kenya, kadi ya Tanzania au cha Uganda, na mama asiviache nyumbani anapovuka hata kwa siku moja. Kwa mgonjwa wa kifafa cha mimba iandikwe jumla ya gramu, zilizopita mshipani na zilizopita kwenye misuli, na saa ya dozi ya mwisho. Anayempokea, kabla ya kuongeza chochote, agonge goti, ahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, aangalie kama mkojo umefika mililita 100 katika saa nne zilizopita, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kumwokoa aliyezidishiwa magnesiamu, iwe karibu na kitanda.